Mboji, funza au bayogesi? Kwanza tujue taka zenu zingekwenda wapi

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha usafi kinachohudumia upande wa ndizi na mboga katika soko moja hapa Mabibo. Kila siku tunajaza tipa moja kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, Jumamosi mbili. Kuna mfadhili yuko tayari kutusaidia, ila anataka tumwonyeshe kwa hesabu madhara ya mazingira tutakayopunguza. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaotaka mboji, wapo wanaotaka kufuga funza wa chakula cha kuku, na mwenyekiti hasikii la mtu, anataka mtambo wa bayogesi. Bwana afya wetu anasema uchafuzi mkubwa ni moshi wa lori, tupunguze safari tu. Nani yuko sahihi, na hesabu yenyewe tunaianzia wapi?"

Ndugu Katibu, salamu kwako na kwa wenzako wote wa usafi. Mmefanya vyema kuuliza mapema. Ninaoletewa hesabu hizi, wengi wao wameshanunua mtambo na sasa wanatafuta namba za kuutetea.

Nianze na bwana afya, maana hoja yake inapimika upesi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Tuseme tipa lenu linakunywa lita 35 kwa kila kilomita 100, na safari ya Pugu kwenda na kurudi ni kilomita 60. Hizo ni lita 21, yaani kilo 56 hivi za hewa ukaa. Kama limebeba tani saba, kila tani ya taka imebeba mzigo wa kilo nane. Foleni ya Gongo la Mboto ikiwa mbaya, ziite kilo kumi, hata kumi na tano. Iweke namba hiyo pembeni.

Sasa tuifuate tani moja mpaka dampo. Inamwagwa, katapila linaisukuma, kesho yake zinamwagwa nyingine juu yake. Haichukui muda hewa iliyokuwa ndani ya rundo inakwisha. Vijidudu vinavyohitaji hewa vinaacha kazi, vinashika zamu vile visivyoihitaji, na gesi ya hivi vya pili ni methani. Kwa uzito uleule, methani inaipasha dunia joto mara 27 kuliko hewa ukaa ukipima kwa miaka 100. Ukipima kwa miaka 20 inafika mara 80 hivi, kwa kuwa haidumu sana angani, umri wake ni kama miaka 12, na ukali wake wote unauma mapema.

IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, lina kanuni ambayo mnaweza kuikokotoa kwenye simu mkiwa kijiweni. Chukua kilo 1,000 za mabaki ya chakula. Kaboni inayoweza kuoza ni asilimia 15, yaani kilo 150. Nusu ya hiyo ndiyo inayooza kweli: 75. Katika dampo lisilosimamiwa lenye kina kinachozidi mita tano, asilimia 80 ya uozo huo hutokea pasipo hewa: 60. Nusu ya gesi inayotoka ni methani: 30. Hiyo bado ni kaboni tupu. Zidisha kwa 16, gawa kwa 12, upate uzito wa methani yenyewe: kilo 40. Mara 27, ni sawa na kilo 1,080 za hewa ukaa.

Kilo 1,080 kutoka kwenye rundo, kilo nane kutoka kwenye lori. Mwambie bwana afya, kwa heshima zake, kwamba kwa upande wa joto la dunia lori ni la kulaumiwa kidogo mno. Ila asitoke mikono mitupu. Moshi wa dizeli unaingia vifuani mwa watu wa barabarani, na mafuta ndiyo yanayokula ada ya taka mnayokusanya kwa jasho. Kupunguza safari ni jambo jema kwa mfuko na kwa mapafu. Lisiandikwe tu kwamba ndilo litakalopunguza gesijoto.

Jambo moja kuhusu jiji letu. Hapa mabaki ya chakula hayangoji. Kwa nchi za joto zinazopata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, na Dar es Salaam imo, makadirio ya IPCC ni kwamba nusu ya mabaki ya chakula huwa yameoza ndani ya miezi 21 hivi. Mtu akikuahidi kwamba dampo likijaa ndipo atatandaza mabomba ya kunyonya gesi, atakuta sufuria imeshakaukia jikoni.

Hapo wengi hukimbilia kuzidisha: tani zetu kwa mwaka mara 1,080, tumeokoa kiasi fulani, tia saini. Ngojeni kwanza. Ile 1,080 ni ya tani ambayo kweli ingefika Pugu. Zenu zote zingefika?

Kaa upande wa nyuma wa soko lenu jioni, saa kumi na mbili kasoro, uone. Wanakuja vijana na guta, na baiskeli zenye viroba viwili kila moja. Wanachambua majani ya kabichi, majani ya migomba yaliyofungia ndizi, na maganda ya mama lishe. Wanapeleka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hayo yalishakuwa malisho kabla mfadhili hajaja. Mkiyachukua ninyi kwa ajili ya mboji, mfugaji atanunua pumba, au atakwenda kukata majani mbali zaidi. Hamjaokoa kitu hapo, mmemnyang'anya ng'ombe chakula na mmeongeza safari ya mtu. Kwenye daftari lenu, sehemu hiyo iandikeni sifuri, tena iacheni iendelee kwenda kwa ng'ombe. Sijaona teknolojia ya taka za soko inayolishinda tumbo la ng'ombe, na haina haja ya mfadhili.

Kisha kuna zile zinazotupwa usiku. Kila soko la jiji hili lina kona yake ya aibu, mtaro au bonde ambako vibarua wa toroli humwaga ili kukwepa ushuru au kuwahi kulala. Rundo la namna hiyo ni la juujuu, hewa inapita, kwa hiyo methani yake ni ndogo. Kanuni ileile inapunguza asilimia 80 kuwa 40, na mnapata kilo 20 za methani, sawa na kilo 540 za hewa ukaa. Kwa gesijoto, mtaroni ni nafuu mara mbili kuliko Pugu. Sasa muulize mtu wa Jangwani kama kweli ni nafuu, siku Mto Msimbazi umerudisha kwa mpigo kila kilichotupwa mitaroni. Namba moja haibebi kila dhara, nitalirudia hilo.

Na zipo zinazochomwa. Mkungu mbichi hauungui, unafuka. Wanaoulazimisha huwasha kwa mifuko na vipande vya plastiki, na kinachotoka hapo ni masizi na sumu ambavyo havina uhusiano wowote na ndizi. Hizo nazo pimeni peke yake.

Kwa hiyo hesabu yenu inaanza na swali moja: tani hii, kama sisi tusingekuwepo, ingekwenda wapi? Gawanyeni mafungu manne: ya tipa, ya ng'ombe, ya mtaro, ya moto. Mkishajua uzito wa kila fungu, mtambo wowote utawekwa kwenye mizani. Msipojua, hata mtambo wa Ulaya utawapa namba za kuokota.

Na uzito upimwe. Nasema hili kwa sababu niliwahi kuumbuka. Niliandika ripoti ya soko moja, silitaji, nikachukua idadi ya tripu kutoka kwenye daftari la mlinzi wa geti nikazidisha kwa tani saba, kwa kuwa ndizo tipa linazodaiwa kubeba. Ripoti ikapendeza. Baadaye tukapata nafasi ya kupitisha malori kwenye mizani ya kweli. Tipa lililojaa pomoni mikungu na nyasi za kwenye matenga ya nyanya lilikuwa na tani nne kasoro. Lile la siku ya mvua, limejaa nusu tu, lilipita tani sita. Yalikuwa maji. Ripoti yangu ilikuwa imewasifia watu kwa kusafirisha hewa siku za jua na mvua siku za mawingu.

Hamhitaji mizani ya malori. Tafuteni mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, ile wanayopimia wanunuzi wa vyuma chakavu, na turubai kubwa. Siku saba mfululizo, maana Jumatatu si Jumamosi. Kila toroli linalokuja, likimwagwa kwenye turubai mnachambua mafungu: mboga na matunda yaliyooza, mikungu na majani, nyasi na maranda ya kufungashia, na mengineyo, yaani plastiki, viroba, chupa, betri za redio. Mnapakia kwenye kiroba, mnaning'iniza, mnaandika. Mtu wa kuandika asiwe ndiye anayening'iniza, mikono yake itakuwa na utelezi na daftari litasomeka kama ramani. Rudieni tena siku saba nyingine wakati wa masika. Mkipima Januari tu mtakuwa mmepima nusu ya ukweli.

Mtashangaa jinsi mkungu ulivyo mgumu. Ukishakatwa chane zote unabaki kama gogo jepesi, ndani maji na nyuzinyuzi. Ukiutupa mzima kwenye rundo la mboji utaukuta mzima wiki nyingi baadaye, umebadilika rangi tu. Lazima upigwe panga vipande vya urefu wa kiganja, na kazi hiyo ina gharama yake. Iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikaangukia vijana wa kujitolea.

Sasa njia tatu zenu.

Mboji ikitengenezwa vizuri haitoi sifuri, asiwadanganye mtu. Kwa kila tani ya taka mbichi, IPCC inakadiria kilo 4 za methani na kilo 0.24 za naitrasi oksidi. Hii ya pili ni kidogo kwa uzito lakini ina makali ya mara 273 ya hewa ukaa. Jumla ni sawa na kilo 174 hivi. Kutoka 1,080 hadi 174 ni hatua kubwa. Lakini IPCC pia inatoa mipaka ya juu, ambayo mimi naichukua kuwa ya rundo linaloendeshwa vibaya: kilo 8 za methani na 0.6 za naitrasi oksidi, sawa na kilo 380. Ukilinganisha na Pugu bado mna faida. Ukilinganisha na lile la mtaroni la 540, faida imebaki kiduchu. Kwa hiyo kijana anayegeuza rundo ana sauti kubwa katika hesabu hii kuliko mchoro wa mhandisi.

Rundo zuri linahitaji hewa. Kabichi, mchicha na nyanya vikirundikwa peke yake ndani ya siku nne vinakuwa rojo, na rojo ni dampo dogo. Nimelisimamia rundo la namna hiyo. Tuliingiza uma, ukatoka na sauti ya kunyonya kama mguu kwenye matope, na harufu ikatufukuza hadi ng'ambo ya uzio. Dawa yake ni kitu kikavu na kigumu kinachoacha nafasi katikati. Na ninyi mnacho bure: zile nyasi za kwenye matenga ya nyanya na maranda ya kufungashia matunda, ambavyo sasa mnalipia mafuta kuvipeleka Pugu. Changanyeni tabaka kwa tabaka. Chukua konzi, ikamue. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika maji, ongeza nyasi. Isiposhikana, mwagia maji. Ndani ya siku chache katikati ya rundo joto linatakiwa kupanda hadi nyuzi 55 au 65. Kama hamna kipimajoto, chomekeni nondo, iacheni dakika kumi, mkichomoa iwe haishikiki. Joto likishuka, geuzeni.

Kosa la pili la hesabu za mboji ni kudai kwamba imechukua nafasi ya mbolea ya kiwandani. Tufanye hesabu ya haraka. Tani ya taka inaweza kutoa kilo 300 za mboji, theluthi yake maji. Kwa nitrojeni ya asilimia moja na ushei ya kilichokauka, mna kilo mbili hadi mbili na nusu za nitrojeni, ambayo ni sawa na iliyomo katika kilo tano za urea. Kilo tano! Tena mmea haupati yote msimu wa kwanza. Na walima mchicha wengi wa mabondeni hapa mjini wanatumia mbolea ya kuku. Kama mboji yenu itachukua nafasi ya mbolea ya kuku, madai ya urea yamekufa kabisa. Faida ya mboji ni kwenye udongo: unashika maji, haugandi, mkulima anamwagilia mara chache. Hiyo semeni kwa maneno, msiilazimishe kuwa kilo za hewa ukaa.

Funza wa nzi askari mweusi wanafanya kazi nzuri na wanaifanya haraka. Ndani ya wiki mbili wamemaliza, mnavuna chakula cha kuku chenye protini ya kuchukua nafasi ya dagaa, na mabaki yao ni mbolea. Hapa jijini wapo wanaofanya biashara hiyo. Shida ni chakula chenu. Taka zenye lishe, kama makombo ya hotelini, zinaweza kutoa kilo 100 hadi 200 za funza wabichi kwa tani. Mikungu na majani ya kabichi ni maji na nyuzi, mavuno yatashuka sana. Mngekuwa na makombo ya kumbi za harusi au matumbo ya samaki ya kuchanganya, ningesema mengine. Na ulizeni watakaushwaje. Nimeona mradi unaokausha funza kwa jiko la mkaa, mchana kutwa, na kwenye bango la getini umeandikwa ni rafiki wa mazingira. Kila gunia la mkaa linalochomwa pale liandikwe upande wa hasara.

Mwenyekiti asinune, bayogesi yake nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote na hasara kubwa kuliko zote. Mtambo wa bayogesi hufanya kwa makusudi kile ambacho dampo hufanya kwa bahati mbaya: unatengeneza methani. Gesi ikichomwa jikoni, mmeshinda mara mbili, methani imeteketea na mkaa umebaki guniani. Kwa taka za soko, tuseme mita za ujazo 60 za gesi kwa tani. Kwa makadirio yangu, kwa kuwa jiko la gesi halipotezi joto kama jiko la mkaa, mita hizo zinaweza kufanya kazi ya kilo 100 hivi za mkaa. Kwa mama lishe hiyo ni fedha inayoonekana, na inakwenda sambamba na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034.

Gesi isipochomwa je? Bomba limepasuka, jiko limeharibika, mama lishe wamehamia ng'ambo ya barabara, Jumapili hakuna anayepika, na mtambo hauna siku ya mapumziko. Gesi inatafuta njia, inapaa. Hapo mtakuwa mmejenga dampo la Pugu dogo, la saruji, kwa fedha za mfadhili. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia ujazo wa tangi, mwenyekiti ahesabu majiko: nani atapika, kila siku, saa ngapi, na analipa kiasi gani. Mtambo upimwe kwa majiko hayo, hata kama utakula robo tu ya taka zenu. Na ziada iwe na bomba la kuichomea.

Tuweke mfano mmoja kamili ili muone namba zinavyocheza. Tuseme baada ya kupima mmekuta tani tano kwa siku: tatu zinakwenda Pugu, moja ng'ombe, moja mtaroni. Mnaiachia ng'ombe ya kwake na mnatengeneza mboji ya tani nne. Mlichozuia ni mara tatu ya 1,080, ongeza 540, jumla 3,780. Toeni gesi ya mboji yenu, mara nne ya 174, yaani 696. Mnabaki na kilo 3,084 kwa siku. Rundo likiendeshwa vibaya mnatoa 1,520, mnabaki na 2,260. Yule wa kuzidisha harakaharaka angeandika tani tano mara 1,080, kilo 5,400. Kwa siku 300 za kazi, yeye anadai tani 1,620 kwa mwaka, na ninyi mnadai kati ya 680 na 925. Mwandikieni mfadhili namba zote mbili, ya rundo zuri na ya rundo baya, na mwelezeni kwamba gesi ya dampo haitoki yote mwaka uleule taka zinapomwagwa, hivyo hata faida yenu inajitokeza kwa miaka kadhaa. Mfadhili anayejua kazi yake ataziamini namba mbili kuliko moja iliyonyooka sana.

Plastiki na chupa mlizochambua zikienda dampo, zitoeni kwenye tani za mboji. Na asiwatie mtu tamaa ya kuuza kaboni. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022 na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, lakini kwa tani mia chache, gharama ya wakaguzi itameza mapato yote.

Nilisema namba moja haibebi kila dhara. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa pale, na wakashinda. Hawakulalamikia methani. Walilalamikia moshi, nzi na harufu, vitu vinavyoingia ndani ya nyumba. Tangu hapo dampo likahamahama, Vingunguti, Mtoni, hadi Pugu, kila likihama safari inarefuka na malalamiko yanapata majirani wapya. Kituo chenu cha mboji nacho kitakuwa na majirani. Maji meusi yanayochuruzika chini ya rundo yakielekea kwenye kisima cha mtu, hakuna kilo 3,084 itakayowatetea mbele ya mjumbe. Sakafu iwe ya saruji yenye mteremko, maji yakusanywe kwenye shimo na yarudishwe juu ya rundo likikauka. Andikeni kwenye ripoti idadi ya malalamiko ya majirani kwa mwezi. Ni kipimo cha mazingira kama vingine, na hakihitaji maabara.

Anachoomba mfadhili si ile Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, chini ya sheria ya mwaka 2004. Ile ni ruhusa ya kujenga, hii ni ulinganisho wa njia. Lakini mkifikia kujenga, nendeni mkaulize kama mradi wa ukubwa wenu unaihitaji, msije mkasimamishwa zege likiwa bichi.

Maoni yangu, kama mngekuwa mnaniuliza kijiweni: ng'ombe waachiwe chao, nyingine nyingi ziende mboji, na mtambo mdogo wa bayogesi ujengwe mwaka wa pili, mama lishe wakishaandikishwa. Funza wasubiri mpate makombo. Kabla ya hapo chukueni siku moja mwende Mabwepande, Kinondoni, mkaone kituo cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na siku nyingine Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio limekuwa likifanya kazi ya taka zilizotenganishwa kuanzia majumbani. Waulizeni vijana wanaogeuza rundo, wakubwa wa ofisini mtawaona baadaye.

Na mkipanga wiki ya kupima, epukeni Ramadhani. Ndizi za futari zinaingia kwa wingi na kuondoka zikiwa nzima, maganda yanabaki majumbani, mama lishe wengi wanapika jioni tu, na sokoni mtapima mikungu mitupu.